Weka Kipimo Kwenye Picha

Simama karibu na Mnara wa Saa, Arusha, asubuhi ya Januari kabla mawingu hayajapanda. Mlima Meru umeziba upande wote wa kaskazini, huna haja ya kuutafuta. Sasa toa simu, piga, kisha tazama ulichopata: nyaya za umeme, mapaa ya bati, daladala iliyokatwa nusu, na huko nyuma kilima cha bluu ambacho ndugu yako wa Dar es Salaam atakuuliza ni cha wapi. Simu haina ubovu. Macho yako yalikuwa yakiupima mlima kwa kila kitu ulichokuwa unakijua pale uliposimama, na vitu hivyo ama havikuingia kwenye picha, ama viliingia vikiwa vimekaa vibaya.

Mwongozo huu ni wa kurudisha kipimo hicho ndani ya picha. Nimeuandika kwa mtu wa Arusha na viunga vyake mwenye simu ya kawaida, na sikumfikiria mpenda milima peke yake. Nimemfikiria fundi seremala anayeuza makochi kwa WhatsApp, mkulima anayetaka ushahidi wa gunia lake, kijana aliyetumiwa picha ya kiwanja cha Moshono, na mnunuzi aliyetumiwa picha ya tanzanite inayong'aa kuliko kawaida. Wote wana swali moja: hiki kitu ni kikubwa kiasi gani? Picha haiwezi kulijibu mpaka uipe kitu ambacho mtazamaji anakijua tayari.

Mlima: vuta kwanza, halafu tafuta mtu

Fanya hesabu moja, maana ndiyo inayoeleza mengi yanayofuata. Kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,560 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya jiji ni kama mita 1,400. Kinachosimama mbele yako, basi, ni mwinuko wa mita 3,160 hivi, ulio umbali wa kilomita kama 15. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na uweke sehemu ya chini ya ngumi usawa wa macho yako. Ngumi ya mtu mzima iliyonyooshwa hivyo huziba kama nyuzi 10, na Meru kutoka mjini ni nyuzi 12, kwa hiyo kilele kitachungulia juu ya ngumi kwa upana wa kidole gumba.

Kamera kuu ya simu nyingi, ukiilaza, huona kama nyuzi 50 kutoka chini hadi juu. Mlima ulioujaza moyo wako unaambulia chini kidogo ya robo ya kimo cha picha, na sehemu iliyobaki yote ni anga na barabara. Hapo ndipo wengi hubonyeza ile 0.5 wakitaka "kuupata wote", na mlima unapungua tena kwa nusu. Fanya kinyume. Kama simu yako ina lenzi ya mara 3, itumie: kutoka palepale, mlima utachukua kama theluthi mbili ya kimo cha picha. Kama haina, ishia mara 2. Zaidi ya hapo simu nyingi hukata kipande cha picha na kukitanua, na miamba inapoteza makali yake.

Mlima ukishajaa bado haujawa mkubwa. Hata jiwe la bustanini ukilisogelea litajaa. Ukubwa unakuja pale kitu kidogo kinachojulikana kinapoonekana kidogo kweli mbele yake, na hilo unalipanga kwa umbali. Chukua rafiki mwenye kimo cha mita 1.7. Akisimama mita 2 kutoka kwenye kamera, ni mara nne ya Meru. Ndiyo ile picha ya kila mgeni, kichwa kimeziba kilele. Akisogea hadi mita 8, analingana na mlima kwa kimo. Akienda hadi mita 80, anakuwa sehemu moja ya kumi ya mlima. Kwa lenzi ya mara 3, katika mita hizo 80 bado anaonekana vizuri, miguu na mikono inatambulika, hasa akiwa amevaa shuka jekundu au kanga yenye rangi iliyokolea. Mimi napenda umbali wa kati ya mita 80 na 150. Chini ya hapo mtu ndiye anayekuwa habari ya picha, na juu ya hapo inabidi mtazamaji aelekezwe alipo.

Kwa hiyo tafuta barabara iliyonyooka kuelekea kaskazini au uwanja wa wazi, kisha wewe ndiye urudi nyuma. Ukirudi nyuma mita 100, rafiki aliyekuwa mita 8 anapungua mara kumi na tatu na zaidi, ilhali mlima ulio kilomita 15 haupungui kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Picha zile maarufu za tembo wa Amboseli, Kenya, waliosimama chini ya Kilimanjaro, hupatikana kwa njia hiyohiyo. Mlima uko zaidi ya kilomita 40 nyuma yao, mpiga picha naye yuko mbali na tembo akiwa na lenzi ndefu. Angekuwa karibu na tembo na lenzi pana, theluji ya Kibo ingekuwa alama nyeupe juu ya sikio.

Mwezi nao una siri hiyohiyo. Unaziba nusu nyuzi tu angani, popote ulipo. Ukitaka uonekane mkubwa nyuma ya mnara wa msikiti au kanisa, nenda mbali na mnara uvute. Ukiwa chini ya mnara, mwezi utabaki kuwa nukta.

Muda nao ni sehemu ya kazi. Mwanga mzuri wa Meru kutoka mjini ni kuanzia alfajiri hadi saa mbili au tatu asubuhi. Baada ya hapo mawingu hupanda na kukaa shingoni mwa mlima. Julai jiji huamka chini ya mawingu siku nyingi, hivyo usijilaumu ukikosa kitu.

Upande wa Momella

Kutoka mjini Meru unaonekana mzima kama piramidi. Uzunguke hadi mashariki, lango la Momella la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na utakuta mlima uliofunguka ubavu. Ubavu wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha kreta iliyo wazi, ukuta wa mwamba wenye kimo cha kama mita 1,500, na katikati yake koni ya majivu yenye umbo la mlima mwingine mdogo. Hapa ndipo picha nyingi za wapandaji hushindwa. Ukuta ule hauna mti wala nyumba juu yake, ni mwamba mtupu, na mwamba mtupu unaweza kuwa wa mita 15 au wa mita 1,500, hakuna wa kusema.

Ukiwa sakafuni mwa kreta, juu ya kibanda cha Miriakamba kilicho mita 2,514, usipige ukuta peke yake. Subiri wenzako watangulie njiani, au rudi nyuma kwenye miti yenye ndevu za kuvu, uache mstari wa miti ukae chini ya picha. Mti ni rula nzuri kwa sababu kila mtu anajua mti ni mrefu kuliko mtu. Kisha kuna njia ya picha mbili: moja pana inayoonyesha ukuta wote, nyingine uliyovuta kutoka palepale inayoonyesha wapandaji wanne wakikata kona. Ziweke pamoja unapozituma. Mtazamaji atazilinganisha mwenyewe bila wewe kuandika neno.

Njia ya picha mbili inafaa zaidi Ngurdoto. Kreta ile ina upana wa kama kilomita 3, na wageni huitazama kutoka ukingoni tu, hawashuki. Nyati walio chini hawaonekani kwa picha pana. Piga pana, halafu vuta hadi nyati watambulike hata kama picha itapoteza ubora, maana kazi ya picha hiyo ya pili ni kusema "yale madoa meusi ni nyati".

Kwenye uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo kazi ni rahisi kuliko kote, twiga wamejaa. Dume la twiga hufikia mita 5 na zaidi, na kila Mtanzania anamjua. Akiwa karibu na gari lako, lakini, atakuwa mnyama mrefu na mlima utakuwa pazia. Mwache aende. Na usishuke kwenye gari kufuata kipimo; mahali pa kushuka pameonyeshwa, na anayetembea kwa miguu ndani ya hifadhi hutembea na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo.

Jambo moja kuhusu watu. Unapomtumia mtu kama kipimo, bado ni mtu. Mzee anayepita na ng'ombe zake hakutoka nyumbani kuja kupima mlima wako, na kwa kuwa yuko mbali wengi huona hakuna haja ya kuomba. Haja ipo. Ombi langu huwa fupi: "Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha ukipita pale, mlima uonekane ukubwa wake." Mara nyingi jibu huwa swali: "Marahaba. Na uso wangu?" Mweleze ukweli, kwamba ataonekana mdogo na uso hautatambulika, kisha umwonyeshe picha ukimaliza. Akitaka umtumie kijana wake kwenye simu, mtumie siku hiyohiyo. Akikataa, mshukuru na usubiri bodaboda ipite pale.

Vitu vidogo

Mkoa huu una mfano mkubwa kuliko wote wa picha yenye kipimo. Laetoli, Wilaya ya Ngorongoro, watafiti wa timu ya Mary Leakey walifukua mwaka 1978 njia ya nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Angalia picha za kitafiti za nyayo zile: pembeni ya unyayo kuna kijiti cha kupimia chenye vipande vyeusi na vyeupe. Bila kijiti hicho, zingekuwa picha za mashimo. Kwa vipimo vya nyayo wanasayansi hukadiria kimo cha aliyepita. Nyayo nyingine zilizotangazwa kutoka Laetoli mwaka 2016 ziliwapa kadirio la mtu wa kale mwenye kimo cha kama sentimita 165.

Iga mambo matatu kutoka kwao. Kipimo kilale usawa uleule wa kitu, kisiwe mbele wala nyuma. Kamera iwe juu yake moja kwa moja, isiinamie upande. Na kipimo kiwe pembeni, kisiguse kitu wala kukifunika. Ukiweka rula juu ya meza na kitu chenye kimo cha sentimita 20 kikasimama kando yake, sehemu ya juu ya kitu iko karibu zaidi na kamera na itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa kitu kilichosimama, simamisha na rula.

Huna rula? Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297 popote duniani. Kadi ya benki ni milimita 85.6 kwa 54, na kitambulisho cha taifa kina ukubwa huohuo. Geuza au funika namba. Picha ya kadi yako ikizunguka mtandaoni utajuta. Sarafu ni nzuri kwa mtazamaji wa Tanzania, lakini mtu wa Muscat au London hajui sarafu ya shilingi 200 ina upana gani, kwa hiyo kwa mteja wa nje tumia A4. Chupa ya soda, kiberiti, betri ya redio, vyote vinafaa mradi mteja wako awe amewahi kuvishika.

Tanzanite ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Jiwe lililokatwa la karati 1 lina uzito wa gramu 0.2 tu, na likiwa la duara lina upana wa kama milimita 6. Lenzi ya karibu hulifanya lijae skrini nzima, rangi ya zambarau inawaka, na mteja wa mbali anaona yai. Dalali mwaminifu hupiga jiwe likiwa kati ya vidole, halafu analiweka juu ya mizani ya karati namba zikisomeka. Ukitumiwa picha isiyo na kidole wala mizani, omba nyingine kabla hujataja bei, na ukinyimwa achana nayo.

Kinyume chake ni habari ya Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Mawe yale yangepigwa picha juu ya kitambaa cheupe, yangeonekana vipande vya mwamba mweusi. Picha iliyozunguka dunia ni ile ya yeye mwenyewe akiyashika mikononi. Kila mtu ana mikono, akaelewa papo hapo.

Sokoni, mbele ya mizani

Soko la Kilombero, Soko Kuu, Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi: vipimo vyote vipo hapo pamoja. Kuna mizani yenye mawe, mizani ya saa inayoning'inia, debe la lita 20, sado ya lita 4, fungu la nyanya, mkungu wa ndizi. Ukitaka picha ya bei ieleweke, onyesha chombo chenyewe. "Elfu tano" chini ya picha ya maharage haisemi kitu. Elfu tano kwa sado, sado ikionekana, inasema. Onyesha pia kama kimejazwa hadi kilele au kimekatwa kwa ubao, maana kile kichuguu cha juu ndicho wauzaji na wanunuzi wanachogombania asubuhi nzima. Piga ukiwa usawa wa mdomo wa sado. Ukipiga kutoka juu, kichuguu kinapotea.

Mkulima aliyeletewa lumbesa anahitaji picha kuliko mwandishi wa habari. Lumbesa ni gunia lililoongezwa kichwa na kushonewa kamba juu, likabeba mzigo unaozidi gunia la kawaida, huku malipo yakibaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo amelipigia kelele kwa miaka mingi, na sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100 na liuzwe kwa kupimwa. Usilipige lumbesa likiwa peke yake, litaonekana gunia tu. Simamisha gunia lililofungwa sawasawa kando yake, ardhi ileile, na mtu mmoja katikati, kisha shuka kamera hadi usawa wa kifua. Picha ya pili iwe ya gunia likiwa juu ya mizani.

Na kupiga mizani kuna ufundi wake. Mizani ya sindano husomwa kutoka mbele kabisa. Kamera ikiwa juu, sindano inaonekana imeangukia namba ya chini yake. Ikiwa kushoto, inasogea kulia. Kwenye mizani kubwa tofauti hiyo inaweza kuwa kilo nzima au zaidi. Kwa hiyo weka lenzi usawa wa sindano. Piga mizani ikiwa tupu kwanza, sindano ikiwa sifuri, halafu ipige ikiwa na mzigo bila kuhama ulipo. Stika ya Wakala wa Vipimo ionekane, kwa kuwa mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa kila mwaka, na mizani isiyo na stika haikupi ushahidi wowote. Mizani ya namba za taa huleta shida nyingine: simu hunasa namba zikiwa zimekatika vipande. Ikinge jua kwa kiganja na upige mara kadhaa.

Kiwanja na hatua

Hapa pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ardhi isiyopimwa kuzunguka Arusha bado inauzwa kwa hatua. Wazee wanasema eka ni hatua 70 kwa 70, na hawakosei kama hatua ni ya sentimita 91, kwa sababu eka ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye pande za mita 63.6. Lakini hatua ni ya nani? Mtu wa hatua ya sentimita 75 akitembea 70 kwa 70 amepima mraba wa mita 52.5 kila upande, yaani mita za mraba 2,756. Hiyo ni theluthi mbili ya eka, kwa bei ya eka. Hakuna aliyedanganya, kila mtu amehesabu 70.

Jua hatua yako. Azima futi kamba ya mita 30 au 50 kwa fundi, ilaze kwenye ardhi tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida na uhesabu, kisha ugawe. Andika namba hiyo kwenye simu. Siku ya kwenda kuona shamba, tembea mwenyewe hata kama muuzaji ameshatembea.

Picha ya kiwanja uliyotumiwa isome hivi. Lenzi ya 0.5 husukuma mpaka wa mbali uonekane mbali zaidi, na kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinafanana na uwanja wa mpira. Dalili yake ni nguzo na kuta za pembeni zinazoinamia nje. Omba picha ya lenzi ya kawaida, mtu akiwa amesimama kwenye kila kona, na nyingine ya futi kamba ikiwa imenyooshwa upande mmoja. Simu inayoonyesha mahali ulipo inaweza kukosea kwa mita 5 hivi. Kwa shamba la eka 10 si neno. Kwa kiwanja cha mita 20, hiyo ni robo ya upande. Kabla ya kulipa, mwite mpima ardhi.

Ramani nazo zina kiwango chake cha kusema kweli. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na safari ya kutoka Mnara wa Saa hadi kilele cha Meru, kwa mstari ulionyooka, ni sentimita 30, urefu kamili wa rula ya shule. Inapendeza kwa mlima. Lakini eka nzima kwenye ramani hiyo ni kama milimita 1.3 kila upande, haitakuonyesha mpaka wako. Na ukiipiga picha ramani au kuitoa kopi iliyopunguzwa, usiamini tena ile 1:50,000 iliyoandikwa. Amini mstari wa skeli uliochorwa chini, kwa sababu wenyewe umepungua pamoja na ramani. Usiukate unapopanga picha.

Vyumba na kuta

Kwa chumba cha kupanga, Sakina au Njiro, hesabu vigae. Vingi ni sentimita 40 au 60 kila upande. Uliza ni vipi, halafu hesabu kutoka ukutani hadi ukutani. Vigae 5 vya sentimita 60 ni mita 3, ambayo ndiyo futi 10 za matangazo. Kama hakuna vigae, mlango ni rula, kwa kuwa milango mingi ni kama mita 2 kwenda juu. Nyumba inayojengwa hupimwa kwa kozi, yaani mistari ya matofali: tofali la inchi 6 likisimamishwa, pamoja na udongo wake wa saruji, ni kama sentimita 25, hivyo kozi 10 ni mita 2.5. Likilazwa, hesabu hiyo haifai, na fundi wako ndiye wa kukuambia.

Fundi seremala, kochi lako lipige likiwa na mtu aliyekaa. Mtu mzima, aliyekaa kawaida, mgongo umeegemea. Mteja atajua kina cha kiti na kimo cha mkono kwa mara moja. Vipimo vya sentimita viandike chini ya picha hata hivyo, kwa ajili ya mlango wa mteja.

Ukienda kuchapa

Mara nyingi picha nzuri huharibikia hapa. Studio hutaka kama nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo inatosha karatasi ya sentimita 34 kwa 25, kubwa kuliko A4. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inaweza kushuka hadi nukta 1,600 upande mrefu, na hapo imebaki ya sentimita 13 tu. Yule mtu wako wa mita 80 mbele ya mlima amepotea, amekuwa alama mbili za rangi. Itume kama hati, au peleka simu yenyewe na waya wake.

Kwa bango la barabarani usihangaike na nukta 300. Bango linasomwa kutoka ng'ambo ya barabara, na nukta 50 kwa inchi huweza kutosha. Picha ya ukutani sebuleni iko katikati: ichape kubwa kiasi kwamba mtu aliye mlimani aonekane kutoka kwenye kochi. Kabla ya kulipia, waombe wakukatie kipande cha majaribio chenye mtu huyo, kwa ukubwa uleule wa picha nzima, na ukitazame ukiwa umesimama mita 2 kutoka ukutani. Kama humtambui hapo, punguza karatasi au kata anga la juu, mlima na mtu wakaribiane.